Duka lisilombembeleza mteja: Alko ya Tikkurila, Finland

Natoa maoni yangu juu ya duka la ulevi, na najua wapo watakaoshangaa, kwa sababu mimi sinywi, sijawahi kunywa na Inshallah sitokunywa. Lakini nimehudumia mezani katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, tangu nilipomaliza skuli, na sasa nasimamia wahudumu wenzangu. Mikono hii ndiyo inayofungua chupa za wageni. Najua mvinyo upi unawekwa kwenye barafu na upi hauwekwi, najua mgeni yupi ataomba bili kwa adabu na yupi tutamshika mabega mpaka chumbani kwake. Mtu aliyesimama upande huu wa kaunta kwa miaka yote hiyo ana haki ya kusema namna ulevi unavyouzwa.

Kaka yangu kaoa Finland na anakaa Vantaa, mji uliopakana na Helsinki. Wifi yangu alipojifungua nilikwenda mimi kumtunza, maana mama magoti yake yamechoka kwa kuinama kwenye mwani na safari ndefu haiwezi. Wifi Kiswahili anakijua vizuri, alikisoma hapa Zanzibar, pale Vuga, na ndiko alikokutana na kaka. Ikasadifu nipo huko mwisho wa Aprili, wakati watu wanajitayarisha na Vappu, sikukuu yao ya tarehe 1 Mei. Wazazi wa wifi walikuwa waje kula, na baba yake akiona samaki mezani hutafuta na mvinyo mweupe. Wifi akanambia, "Wifi yangu, mimi naingia Alko mara moja. Ukitaka, bakia nje na mtoto." Nikamwambia tunaingia sote. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Kwa wasioijua, Alko ni kampuni ya serikali ya Finland, na vinywaji vikali vya kununua na kwenda navyo nyumbani, pamoja na mvinyo wa kawaida, ndiko vinakopatikana. Maduka ya vyakula yanauza vile vyepesi tu. Mpaka wao ulikuwa asilimia 4.7 za kileo, mwaka 2018 ukapandishwa hadi 5.5, na tangu Juni 2024 umefika 8 kwa vinywaji vya kuchachusha kama bia. Zaidi ya hapo uende Alko, na Alko ina saa zake: Jumatatu mpaka Ijumaa hufungua saa 3 asubuhi na mwisho ni saa 3 usiku, Jumamosi mwisho saa 12 jioni, Jumapili hakuna. Mkesha wa Vappu na mkesha wa mwaka mpya pia mwisho saa 12 jioni, ndio maana siku ile tuliyokwenda foleni ilikuwa ndefu. Aliwahi kuniuliza mgeni mmoja wa Kifini pale Jambiani, Jumamosi mchana, na wasiwasi umemjaa usoni, eti duka la ulevi hapa linafungwa saa ngapi. Nilimjibu kuwa baa ya hoteli ipo wazi mpaka usiku wa manane na kesho pia ipo. Akakaa kitako akapumua. Wageni wa Kifini hununua mapema na kwa wingi, na asili yake ni mlango ule unaofungwa Jumamosi jioni.

Sasa duka lenyewe, lile la Tikkurila, mtaa wa Vantaa. Ni safi, lina mwanga mwingi, na halina chochote kinachokuvuta kwa nguvu. Sikuona tangazo la kununua mbili ulipe moja, na nilipomuuliza wifi akanambia sheria yao inakataza duka kuuza chupa mbili kwa bei ya pamoja iliyopunguzwa. Matangazo ya vinywaji vikali kabisa, vya zaidi ya asilimia 22, yamepigwa marufuku pia. Chupa zimepangwa kwa aina na kwa nchi, na kila moja chini yake ina kibandiko: bei, bei kwa lita, asilimia za kileo, ladha yake, na vipicha vidogo vya chakula kinachokwenda nao. Samaki, kuku, jibini, nyama ya kuchoma. Mimi nisiyeonja nilisimama pale nikajifunza mambo ambayo kwenye semina za hoteli hatukuwahi kuelezwa kwa uwazi kama ule.

Akaja muuzaji, mama wa makamo. Hakutuuliza tunataka kutumia kiasi gani. Aliuliza tunapika nini. Wifi akamwambia ni samaki wa kuokwa kwa bizari na malai. Yule mama akamtoa mkononi chupa aliyokuwa ameishika, akamwonesha nyingine, akampa na sababu, na ile nyingine ilikuwa rahisi zaidi. Nilirudia kumuuliza wifi tulipotoka kama nimefahamu sawasawa, kuwa muuzaji kamwelekeza mteja kwenye chupa ya bei ndogo. Akanambia ndivyo walivyo, hawalipwi kwa kukubebesha. Wahudumu wenzangu wa hoteli mnajua nini kingetokea kwetu. Kwetu mgeni akishika ya bei ndogo tunafundishwa kumpandisha, na mwisho wa mwezi anayepandisha sana ndiye anayepongezwa mbele ya wenzake.

Walikuwa pia na rafu ya mvinyo na bia zisizo na kileo, kubwa kuliko nilivyotarajia, na muuzaji alivyoniona na buibui langu akanionesha kwa mkono bila ya kunilazimisha. Sikuchukua. Kinachoitwa mvinyo mimi nakiacha, lakini nilipenda namna alivyonijali.

Kitu nilichokiona kwenye foleni ndicho kilichonifanya niandike. Mbele yetu walikuwa vijana wawili na kreti ndogo. Mpokea pesa, msichana ambaye umri wake haukupishana sana na wao, akaomba kitambulisho. Mmoja akatoa, wa pili akapapasa mifuko akakosa. Yule mwenye kitambulisho akaweka pesa mbele kama anayesema basi nauziwa mimi. Msichana akatikisa kichwa, akawaambia maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, kreti akaiweka nyuma yake, akamwita mteja anayefuata. Wifi akanifasiria: vinywaji vya mpaka asilimia 22 lazima uwe umetimiza miaka 18, vikali zaidi ya hapo miaka 20, na yeyote anayeonekana chini ya miaka 30 huombwa kitambulisho. Muuzaji akishuku kuwa mkubwa anamnunulia mdogo, haruhusiwi kuuza. Aliyekwisha kulewa hauziwi pia. Wale vijana wakatoka. Hawakutukana, hawakumtaka meneja, na msichana hakuwa amesimama na mlinzi. Nyuma yake ilisimama sheria, na wote watatu walijua hivyo.

Utaratibu ule una historia. Finland ilipiga marufuku ulevi wote kuanzia 1919 mpaka 1932. Baba wa wifi ni mstaafu anayependa kuhadithia, na jioni ile alinieleza kwa urefu. Magendo yalijaa baharini, pombe kali ikiingizwa kwa madebe kutoka Estonia, na wafanya magendo wengine wakawa mashuhuri, kama Algoth Niska ambaye jina lake linatajwa mpaka leo. Mikahawani mtu aliagiza chai kali, na mhudumu akafahamu kikombe kile kitiwe nini. (Nilipofasiriwa hapo niliweka kikombe changu mezani nikacheka, maana vikombe vya namna hiyo hata mimi nimewahi kuviona.) Mwisho wa 1931 wananchi wakapigiwa kura ya maoni, kama asilimia 70 wakataka marufuku iondoke. Alko ikafungua milango tarehe 5 Aprili 1932 saa 4 asubuhi, ambayo wao huihesabu saa 10, na ukiandika tarehe, mwezi, mwaka na saa inakuja 5-4-3-2-1-0. Kila Mfini anaijua namba hiyo. Enzi za vita na baadaye kulikuwa na kadi ya kununulia, na dukani walikuwa wakiangalia mtu anachukua kiasi gani. Mpaka mwaka 1969 ndipo bia yenye nguvu ya kiasi ikaruhusiwa maduka ya vyakula, na vijijini nako mlango ukafunguliwa. Mwaka mmoja tu, unywaji wa nchi nzima ukapanda kwa asilimia 46. Mzee yule alikumbuka kwa sababu alikuwa kijana wakati huo, na alisema kijijini kwao iliingia na gari la duka.

Nasema haya kwa kuwa wapo watakaosoma wakadhani Wafini wametulia. Hawajatulia. Siku za kazi wanakunywa kahawa kutwa, na wapo watu wazima wanaokula chakula chao na glasi ya maziwa. Ijumaa usiku mambo hubadilika. Tarehe 1 Mei tulikwenda Kaivopuisto, bustani kubwa ya Helsinki iliyo karibu na bahari, watu maelfu kwa maelfu wamekaa kwenye majani, kofia nyeupe za kumaliza skuli vichwani, hata vizee vya miaka themanini, na baridi ile mimi nimevaa makoti mawili. Mama wa wifi alikuwa ametengeneza sima, kinywaji cha Vappu: maji, sukari, limau, hamira kidogo sana, na zabibu kavu chache ndani ya chupa. Hukaa siku kadhaa. Zabibu zikiwa chini bado, zikipanda juu zote zikaelea, imeiva. Aliniita jikoni nizione zinavyopanda moja moja. Nikamuuliza kwa mdomo wa wifi kama inalevya. Akasema kidogo, kwa sababu ya hamira. Kisha, bila ya mtu kumwambia, akachukua malimau mengine akanikamulia pembeni, akatia sukari na maji, akafunga kwenye chupa yangu peke yangu na kuandika jina langu. Bustanini tulikunywa sote, kila mtu chake, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Usiku tukirudi na treni ndipo nilipoona upande wa pili. Msichana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho amelala kwenye kiti, kofia yake nyeupe imeanguka kwenye matapishi, wenzake wanaimba. Hakuna aliyemgusa mpaka wifi alipomgeuza alale ubavu. Duka linaweza kukataa kuuza, lakini chupa ikishatoka mlangoni inakwenda na mwenyewe. Na kuna Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Meli kutoka Helsinki hadi Tallinn huchukua kama saa mbili, sawa na boti yetu ya Dar, na kwa miaka mingi Wafini wamekuwa wakivuka kununua ulevi wa bei nafuu Estonia, wanarudi wakiburura makreti kwenye vigari vya mikono. Estonia ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, serikali ya Finland ikaona itapoteza wateja, ikapunguza kodi ya vileo kwa takriban theluthi moja. Watu wakanywa zaidi, na vifo vya ini vikapanda. Wakaja wakaipandisha tena kodi hatua kwa hatua, na tangu kilele cha mwaka 2007 unywaji umekuwa ukishuka. Kwa mtu anayefikiri bei na saa za kufungua ni mambo madogo, historia ile inatosha.

Basi alama zangu kwa Alko ya Tikkurila: nyota tano kwa wauzaji, tano kwa vibandiko, nne kwa foleni ya mkesha wa sikukuu. Kwa lile lililo kubwa kuliko yote, kwamba duka linauza ulevi huku linajua kuwa ni ulevi, sina alama ya kutosha ya kulipa.

Nilipenda na jambo jingine ambalo halimo ndani ya duka. Kule Kaivopuisto walikuwa wakipita watu na mifuko mikubwa, wengine wazee, wanaokota makopo na chupa. Kila kopo tupu la bia lina senti 15 ndani yake, chupa ya kioo senti 10, uliyolipa pale uliponunua, na ukirudisha kwenye mashine ya dukani inakupa risiti ya pesa zako. Vijana waliokuwa wakinywa karibu yetu walikuwa wanayapanga makopo kwenye mstari ukingoni mwa blanketi, ili anayeokota asihangaike kuinama sana. Jioni majani yalikuwa na karatasi na maganda, lakini kioo sikukiona.

Mama yangu ni mkulima wa mwani Jambiani. Wanawake wa mwani huingia majini maji yakitoka, wengine na viatu vya mpira vilivyochakaa, wengine miguu mitupu. Mwaka uliopita shangazi alikanyaga nusu chupa iliyofukiwa na mchanga, ya bia, lebo yake bado ipo. Alishonwa, akakosa bamvua mbili nzima, na mwani wake ukachukuliwa na mawimbi. Hoteli ilikotoka chupa ile hakuna anayeijua, na hakuna wa kuulizwa. Sisi watu wa pwani ile hatunywi, lakini ulevi tunaukanyaga.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia ami yangu, akiwa barazani na wazee wenzake baada ya alasiri. Habari zilikuwa zimeshamfikia. "Mwanangu, umekwenda Ulaya kutunza mzazi, ukaingia na duka la ulevi?"

"Ami, niliingia kutazama."

"Haramu ni haramu. Ikiuzwa kwa adabu haigeuki halali."

"Ni kweli, ami, na sisemi igeuke. Lakini kwetu ipo, inauzwa kila usiku, na aliyeiuza hajulikani ni nani. Kule anajulikana. Akimuuzia mtoto, yupo wa kumkamata."

Alikaa na jambo lile kidogo, kisha akasema maneno ambayo nimeyachukua kazini kama yalivyo: "Basi waanze na chupa zao. Waliozileta ndio waziondoe."

Mwanzoni mwa 2024, wengi mnakumbuka, vileo viliadimika Unguja baada ya mabadiliko ya vibali vya waagizaji. Bia ikapanda bei vibaya, na mahoteli yakalalamika mpaka magazeti ya nje yakaandika. Wiki zile zilinionesha kitu. Kila mtu mkubwa alizungumzia mgeni atakunywa nini. Sikumsikia hata mmoja aliyeuliza zikirudi, zitauzwa vipi, karibu na nini, kwa nani. Nami ningelipenda aulizwe kila mwenye leseni: nani kaunta yako anaomba kitambulisho? Kijana wa kijijini akija nyuma ya jiko usiku na noti mkononi, nani anamwambia hapana? Chupa zako tupu zinakwenda wapi? Muhudumu wako wa Kiislamu asiyetaka kumimina, ana pa kusema bila ya kupoteza kazi? Hili la mwisho naliweka kwa ajili ya wadogo zangu wanaoanza kazi, ambao huja kunililia chumba cha kubadilishia nguo. Kisiwa kimekubali kuuza ulevi kwa ajili ya utalii. Kimekubali pesa yake. Kilichobaki ni kuubeba mzigo wake wenyewe, usibebwe na shangazi yangu kwa unyayo wake.

Nimezungumza na meneja wetu, mtu wa Bara, msikivu. Nilimpelekea mambo matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi moja. La kwanza, kila chupa ya kioo inayotoka baa kwenda ufukweni iwekewe amana ya shilingi 1,000, mgeni akiirudisha anarudishiwa. Akakubali siku ile ile, na vijana wa bustani wamekwisha kupewa makreti ya kukusanyia. La pili, anayeonekana mdogo aombwe kitambulisho, awe mgeni au mwenyeji, na muhudumu akikataa kuuza asilaumiwe. Akakubali, akataka iandikwe Kiingereza na Kiswahili ibandikwe kaunta. La tatu ni ile saa ya jioni ya kuuza mbili kwa bei ya moja, ambayo ndiyo inayotuletea walevi wa mapema, kabla hata ya chakula cha usiku. Hapo akanambia, "Dada, hiyo ndiyo inayoleta watu. Tusubiri msimu upite."

Msimu unaisha Machi. Karatasi nakala yake ninayo, na la tatu nimelipigia mstari.